Aliambiwa "Ni Core i7, Wahi", Akauliza "Ya Ngapi?": Dada wa Steshenari Sumbawanga, Mchumba Wake na Kompyuta ya Hela ya Kikoba

Dada mwenyewe jina kapuni, mchumba naye jina kapuni, ila watu wa Sumbawanga mjini mkifika katikati mtaanza kutajana. Msitajane, someni kwanza.

Huyu dada ana steshenari ndogo. Meza mbili, printa moja, mashine ya kopi, na foleni ya vijana ambao kila msimu wanataka vitu vilevile: mkopo wa HESLB, Ajira Portal, fomu za vyuo, leseni ya biashara kwenye TAUSI, namba ya malipo, pasipoti saizi. Kazi za hivyo hazihitaji kompyuta ya kurusha roketi. Zinahitaji kompyuta isiyoganda.

Yake ilikuwa inaganda. Celeron ya viini viwili, RAM GB 4, diski ya zamani ile ya kuzunguka. Ukifungua brauza kurasa tatu halafu juu yake ukaweka Word, mshale unasimama kama umepigwa picha. Wateja walishazoea, wanakaa kwenye benchi wanachati mpaka mashine irudi duniani.

Kilichomchosha ni siku moja ya mwisho wa maombi. Binti mmoja alipanda na gari kutoka Muze, kule bondeni Ziwa Rukwa, na ile barabara ya kupandisha ukuta wa bonde wenyeji mnaijua. Akafika jioni na vyeti vyake ndani ya faili la plastiki. Mfumo unafungwa saa sita usiku. Wanapandisha cheti kimoja, mashine inaganda. Wanazima, wanawasha, dakika nane mpaka iamke, wanaanza upya. Fomu iliingia zikiwa zimebaki dakika chache, binti analia, dada anatetemeka. Gari ya kurudi Muze usiku ule hakuna, ikabidi binti alale kwa dada. Hela ya kazi dada hakuichukua. Kesho yake akaenda kikoba kuomba mkopo.

Kikoba wakampa 600,000 kwa riba ya asilimia 10. Yaani 660,000, marejesho 30,000 kila Ijumaa kwa wiki 22, na akina mama wa kile kikoba hawana utani, usipoleta wanakuja kukaa dukani kwako mpaka ulete. Akiba yake mwenyewe ilikuwa 250,000. Jumla 850,000. Hiyo ndo hela yote. Akikosea hapo, hana ya pili.

Sasa mchumba.

Mchumba ni kijana wa mjini, anauza makava na chaja za simu, anapiga gemu, anajua kuedit vivideo vya harusi. Kwa hiyo kwenye uhusiano wao yeye ndo "mtu wa kompyuta". Dada alipomwambia hela imepatikana, haikupita saa akatumiwa tangazo la Insta la duka moja la Dar. Boksi jeusi, feni zinawaka taa za rangi saba, maandishi makubwa: CORE i7 YA GEMU, RAM GB 16, SSD 256, 780,000, ZIMEBAKI 2.

"Bebi hii ni i7," mchumba akaandika. "Kuna i3, kuna i5, kuna i7. Hesabu mwenyewe. Wahi kabla hazijaisha."

Na ukweli picha ilikuwa tamu. Dada alishaanza kuona mahali pa kuiweka ili watu wanaopita barabarani waone taa. Alikuwa ameshaandika "sawa, nitumie namba ya kulipia", hajatuma bado, ndo akakumbuka mdogo wake, mtoto wa mama mdogo, anasoma chuo kikuu Mbeya pale MUST. Akamtumia skrinishoti ya tangazo. Dogo akajibu kwa sauti, neno moja tu baada ya salamu:

"Shikamoo dada. Ya ngapi?"

Dada akadhani anaulizwa bei.

Kumbe i7 peke yake haisemi kitu. Ni kama mtu akwambie anauza Corolla akanyamaza. Corolla ya mwaka gani? Intel walikuwa wanatoa i3, i5 na i7 karibu kila mwaka kwa miaka mingi, kwa hiyo kuna i7 ambayo ina umri wa mtoto wa sekondari, na ipo sokoni, na inang'aa kwenye picha. Kinachosema ukweli ni namba inayofuata baada ya kistari. i5-6500, tarakimu ya mwanzo ni 6, kizazi cha sita. i5-8500, kizazi cha nane. Ikiwa na tarakimu tano, mfano i3-12100, unachukua mbili za mwanzo: kizazi cha kumi na mbili. i7 ni cheo, namba ni mwaka wa kuzaliwa. Kapteni wa timu ya 2011 bado tunamuita kapteni kwa heshima, ila mpange leo acheze dakika tisini uone.

Dogo akamwambia amuombe muuzaji kitu kimoja tu: awashe mashine, abonye Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager, aingie sehemu ya Performance, abonye CPU, apige picha. Kazi ya sekunde ishirini.

Muuzaji akatuma picha ya stika. Ile stika ya bluu ya i7 iliyobandikwa mbele ya boksi. Dada akamwambia sio stika, nataka ndani. Muuzaji: "Dada huniamini?" Wadau, mkisikia hilo neno kwenye biashara ya mtandaoni kaeni mkao wa kula, maana mtu mwenye mashine safi hutamwambia mara mbili, anafungua kwa mbwembwe. Stika zinauzwa zenyewe bila kompyuta. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kubandika.

Dada akapiga simu ya kawaida, kwa namba yake mwenyewe, sio kupitia kwa mchumba. Na hapo ndo mambo mawili yalipotoka kwa mpigo.

La kwanza, muuzaji baada ya kuzungushwa akasema: "Ni i7-2600 dada, chuma hicho, gigahazi 3.4." Tarakimu ya mwanzo, 2. Kizazi cha pili. Ile prosesa Intel waliitoa Januari 2011. Mwaka huo kuna wateja wa steshenari yake wa leo walikuwa chekechea.

La pili, alisema hivi: "Ila si yule bro alishaniambia anachukua yeye? Ile ya laki saba?"

Laki saba. Kwenye tangazo alilotumiwa dada ilikuwa 780,000.

Tuliache hilo la pili kidogo, tutalirudia, maana wengi mnalo hamu nalo na la kwanza ndo lilikuwa linataka kumla 850,000 yote.

Hiyo i7-2600 haikuwa prosesa mbaya, enzi zake ilikuwa mfalme. Ina viini vinne na nyuzi nane, yaani wafanyakazi wanne ambao kila mmoja anaweza kushika kazi mbili. Lakini i3-12100 ya mwaka 2022, ile i3 ambayo mchumba anaidharau, nayo ina viini vinne na nyuzi nane, na kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi kwa muda uleule. Na hapo kwenye gigahazi ndo watu wengi wanapigwa. i7-2600 imeandikwa 3.40. i5-8500 ya mwaka 2018 imeandikwa 3.00. Mtu anaona 3.40 ni kubwa kuliko 3.00, anachukua ya 2011. Lakini ile i5 ina viini sita, na kwa kila mzunguko mmoja inamaliza kazi zaidi. Gigahazi ni hatua ngapi mtu anapiga kwa dakika. Haikwambii urefu wa hatua. Kwa hiyo gigahazi zinalinganishwa ndani ya kizazi kimoja, sio kati ya babu na mjukuu.

Halafu kuna suala la Windows, hili kwa mtu wa steshenari ni kubwa kuliko mbio. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ambayo ilitoka Oktoba 2021 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na kwa AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, zikiwa na masharti yao. Ndiyo, mafundi wetu wana njia za kuipachika Windows 11 kwenye mashine ya zamani kwa nguvu, na inawaka. Lakini fikiria pale dukani kwa siku wanaingiza namba za NIDA, nywila za watu, barua pepe, taarifa za wazazi. Mashine isiyopata viraka vya usalama kwenye kazi ya namna hiyo ni kuacha mlango wazi usiku halafu unatarajia wema wa wapita njia.

Na i7-2600 inakuja na madabodi ya umri wake na RAM za DDR3. Ukitaka kuongeza nguvu kesho, pale kwenye madabodi hakuna pa kwenda, mwisho ni kizazi cha tatu. Unanunua kompyuta ambayo imeshafika mwisho wa reli.

Kwa hiyo i7 ikafa. Sasa anunue nini?

Dogo akasema kama anataka mpya kabisa ya kuunga, i3-12100 inatosha na inabaki. Ila aangalie herufi. i3-12100F ni bei ndogo kidogo, na hiyo F maana yake haina grafiki ndani, ukiiwasha bila kadi ya grafiki kioo kinabaki cheusi. Kuna watu wamenunua F kwa kuona wameokoa hela, wakarudi kununua kadi ya bei mara tatu ya walichookoa. Ukiona F mwishoni na huna kadi, kimbia.

Akatajiwa na Ryzen. Ryzen 5 5600G ya 2021, viini sita, nyuzi kumi na mbili, grafiki ya ndani nzuri kuliko ya Intel wa bei hiyo. Kwa karatasi hiyo ilikuwa bora. Dada akaenda kumuuliza fundi wake pale mjini, mzee wa makamo ambaye ameshafungua kompyuta za nusu ya ofisi za Sumbawanga.

"Ryzen sina ugomvi nayo," fundi akasema. "Lakini siku madabodi yake ikipigwa na umeme, hapa nitatoa wapi nyingine? Utanipa hiyo uliyonayo niikalie kama kigoda?"

Hilo watu wa Dar huwa hawalifikirii wanapotoa ushauri mtandaoni. Yeye Kariakoo anavuka barabara tu. Sumbawanga kipuri kinasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, kinapita Mbeya, kinapita Tunduma, ndo kinakunja kupanda Ufipa. Siku tatu duka limefungwa ni marejesho ya Ijumaa yamekwenda.

Na umeme wenyewe mnaujua. Mji huu kwa miaka mingi umekula umeme wa Zambia kupitia Mbala, na ukikatika haukupigii hodi. Fundi akasema maneno ambayo dada aliyaandika kabisa kwenye simu: "Mimi hapa nimezika pawa saplai. Nimezika diski, nimezika madabodi. Prosesa iliyokufa yenyewe, bila mkono wa mtu kuiharibu, ni ya kuhesabu. Usiogope prosesa iliyotumika. Ogopa vitu vinavyoizunguka."

Na mzee yuko sahihi. Prosesa ni kati ya vitu vya mwisho kufa ndani ya kompyuta, haina kinachozunguka wala kinacholika. Hata upya sio dawa ya kila kitu: mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kuna tatizo la volti kwenye baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14, wakatoa marekebisho na kuongeza waranti miaka miwili. Mtu alinunua mpya ndani ya boksi, ya bei mbaya, ikawa inamzimia. Huku ile ya ofisini iliyofanya kazi miaka sita bila kelele imeshafanyiwa mtihani na mwajiri wake wa kwanza.

Fundi akamalizia kwa mambo ya kizee, kwamba babu zao Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma wenyewe kwenye malungu, zile tanuri ndefu za udongo, na mtu akija kuchukua jembe hakuangalia mpini, aliligonga asikie mlio. Dada akacheka, ila alielewa zile taa za rangi saba zilikuwa nini.

Kulikuwa na kishawishi cha mwisho: vile vikompyuta vidogo vya Intel N100, vinaenea kiganjani. N100 ilitoka mwanzoni mwa 2023, viini vinne, wati 6 tu kwenye karatasi, wakati i7-2600 imeandikwa 95. Umeme ukikatika, betri ndogo inaibeba muda mrefu. Kwa kujaza fomu tu ingetosha. Lakini dada anasafisha picha za pasipoti, siku nyingine anatengeneza kadi za harusi na mabango ya misiba yenye tabaka kumi na tano, na N100 prosesa yake imegandishwa kwenye madabodi, huwezi kubadilisha. Ikikuelemea umeelemewa.

Wakakubaliana: i5-8500 iliyotoka ofisini Ulaya, boksi la HP au Dell la kizazi kile, HP EliteDesk 800 G4 au OptiPlex 7060. Wati 65, Windows 11 inapita rasmi, RAM DDR4, na fundi ana maboksi mawili yaliyokufa ya kuchomoa vipuri. Hilo la vipuri sio dogo, maana pawa saplai za HP na Dell zina umbo lao, huchukui yoyote dukani ukapachika. Mdogo wake akaongeza onyo, namba ya boksi isikudanganye: kuna OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 na kuna OptiPlex 7010 ya 2023, jina moja, mashine zimeachana miaka kumi na moja. Ulizia prosesa kila mara.

Safari hii hakuna aliyelipa kwa picha. Dogo ana rafiki yuko Dar, akaenda Kariakoo mwenyewe na flashi yenye CPU-Z, programu ndogo isiyohitaji hata kuinstall. Kwa nini CPU-Z wakati Task Manager ipo? Kwa sababu kuna wajanja wanabadilisha jina la prosesa ndani ya Windows, unafungua unasoma i7 kumbe ni i3. CPU-Z inaisoma prosesa yenyewe. Na kwa asiye na flashi, zima washa, HP bonya F10, Dell bonya F2, uingie BIOS, jina la kweli liko mle kabla Windows haijaamka kusema uongo.

Muuzaji wa Kariakoo alikuwa mcheshi. Aliposikia mzigo unakwenda wapi akaweka mikono kichwani. "Sumbawanga? Kaka chukua hii, ile nyingine usiiguse. Mimi nina watoto, sitaki radi nyumbani." Duka zima likacheka. Dada akapewa simu aongee naye, akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba kwa Kifipa jina lenyewe linasema tupa uchawi, kwa hiyo atulie, ila mashine ikizingua wataelewana. Utani huo watu wa Rukwa wameuchoka, lakini siku ile ulisaidia. Ile aliyoambiwa asiiguse, rafiki aliichomekea flashi kwa udadisi. Imebandikwa stika ya i7. Ndani i5-4570, kizazi cha nne.

Aliyoichukua ilisoma i5-8500, viini sita, RAM GB 8, SSD 256. 590,000. Kusafirisha kwa basi 25,000. RAM ya kuongeza GB 8, 60,000. UPS 140,000, na hii fundi aligoma kabisa kufungua mashine bila kuiona. Jumla 815,000.

Ilifika asubuhi ya baridi ile ya Juni ambayo watu wa stendi wanaota moto na makoti mawili. Ikagoma kuwaka. Inalia tu, tii, tii, tii. Dada alikaa chini kabisa kwenye sakafu ya duka. Fundi akaja na ufutio wa shule, akachomoa RAM, akazisugua meno yake, akarudisha. Ikawaka. Barabara iliitikisa tu. Halafu waya wa kioo cha zamani ukakataa kuingia, mashine ina matundu ya DisplayPort na kioo ni VGA, kiunganishi 20,000. Ikabaki 15,000 mkononi na Ijumaa ni kesho. Alitoa kopi mpaka saa nne usiku kupata 15,000 nyingine.

Sasa turudi kwenye 80,000.

Alimuuliza siku ileile ya simu. Mchumba hakukataa. Alisema hiyo ni hela ya kufuatilia mzigo, kila mtu anachukua cha juu, hata wewe steshenari unanunua karatasi mia unauza mia mbili. Dada akamwambia mteja wangu anajua mimi ni duka, wewe hukuniambia wewe ni duka. Hapo wadau mtagawanyika, na mashoga zake waligawanyika hivyohivyo. Mmoja akasema wanaume wote wa mjini wana cha juu, bora huyu ni elfu themanini. Mwingine akasema mtu anayekula kwenye hela ya kikoba yako, siku mkiwa na kiwanja itakuwaje.

Kilichomchanganya dada zaidi ni kingine. Ile 80,000 mchumba aliijua. Lakini ya 2011 hakuijua. Aliamini kabisa i7 ni i7, na angeshangilia nayo siku inafika, angeipiga picha akaweka stetasi. Hakutaka kumuuzia kitu kibovu. Alitaka kumuuzia kitu kizuri akiwa amejilipa kimyakimya. Sasa huyo unamweka fungu gani?

Mahari haijarudishwa, tarehe haijapangwa. Wanasalimiana, wanakula pamoja Jumapili moja moja, mambo ya hela hayagusiwi.

Wiki iliyopita mchumba aliingia dukani na flashi. Ana kurasa sita za kuchapa, maombi ya leseni. Kulikuwa na foleni, akakaa kwenye benchi kama wateja wengine mpaka zamu yake. Dada akachomeka, faili likafunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Akachapa.

"Elfu moja na mia mbili."

Mchumba akacheka, akijua ni utani. Dada alikuwa bado ameshika karatasi, mkono mwingine uko wazi. Akatoa elfu mbili, akarudishiwa mia nane, akazihesabu. Akabaki amesimama pale anaiangalia ile mashine, boksi la kijivu lisilo na taa hata moja.

"Hii ni ya ngapi?" akauliza.

"Ya nane. Anayefuata."